Kengele Iliyopinduliwa Mgunda Mkali

Enzi zile pembe za ndovu zilishuka pwani, nguo za merikani zikapanda bara, na vyote vilipita juu ya mabega ya watu. Farasi aliuawa na mbung'o, punda akafuata, akabaki mwanadamu. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali, msafara mdogo wa misheni uliingia Ugogo na mzigo ambao kila mpagazi aliulaani: kengele ya shaba ya kanisa.

Mwenye dhamana ya kengele hiyo alikuwa Lazaro Mhando, Mzigua, mwalimu wa dini, kijana wa kanzu iliyochanika na maneno mengi. Padri wake alishikwa na homa, akarudishwa pwani kwa machela. Kabla hawajaagana, Lazaro alimwapia: "Kengele itafika kanisani kule ziwani, padri. Mimi nisipofika, yenyewe itafika." Kiapo hicho alikivaa kama kilemba. Kila msafara ulipotua aliwahubiria wapagazi mpaka wakajifanya wamelala.

Ncha moja ya mpiko, ule mti wa kubebea kengele, aliibeba Lazaro mwenyewe; ya pili ilikuwa begani kwa Luhende, Mnyamwezi, mpagazi wa miaka mingi, ngozi ya bega lake ngumu kama kwato. Hakubatizwa na hakutaka. Sasa, Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na kwa mtani hakuna tusi. Atakupokonya nyama mdomoni, atakuzomea msibani kwako, na ukikasirika, aibu ni yako. Luhende alifaidi.

"We Mzigua, Mungu wako hana miguu? Mbona anabebwa?"

"Nyamaza ubebe."

"Nabeba. Ila tukifika aniambie ahsante mwenyewe, sitaki kutumiwa mtu."

Wakafika kwa Mtemi Chilongani, mwenye kisima cha mwisho kabla ya Mgunda Mkali, ile nyika isiyo na tone la maji. Kila msafara ulitoa hongo pale, yaani ushuru wa kupita. Mtemi aliketi juu ya kigoda, mwili umepakwa mafuta na udongo mwekundu, mikuki ya vijana wake imesimama nyuma yake kama ua. Aliitazama merikani, akaisukuma kwa mguu.

"Nguo ninazo. Nipe hicho kinacholia."

"Mtemi, chukua nguo zote, na kanzu yangu juu," Lazaro akajibu. "Hiki sikupi. Ni cha Mungu."

"Na maji haya ni ya nani?"

Vijana wakacheka. Mtemi hakuinua mkuki. Aliamuru tu wapagazi wanyang'anywe vibuyu vyao vyote. "Kunyweni mshibe, mwende zenu," akasema taratibu. "Mtarudi mnatambaa, na hicho mtanikabidhi wenyewe."

Sadala, kirangozi aliyetangulia msafara na bendera, alimvuta Lazaro pembeni. "Mwalimu, mpe. Bila vibuyu sisi ni maiti."

"Simpi."

Wakiwa bado wanabishana, walisikia vicheko kisimani. Luhende alikuwa ameipindua kengele mdomo juu, ameung'oa ulimi wake wa chuma, tundu la ulimi ameliziba kwa nta na kitambaa, na sasa anamimina maji ndani. Lazaro alimrukia.

"Imebarikiwa hiyo! Padri ameiombea!"

"Kasirika basi, wakuone," akasema Luhende, akiendelea kumimina. "Kina mdomo hiki, kinywe."

Mlinzi mmoja wa mtemi akaja mbio kuwazuia. Luhende akamtazama kwa upole. "Mtemi kasema vibuyu, ndugu yangu. Hiki kibuyu? Kigonge usikie." Mlinzi akagonga. Kikatoa mlio mzito kama tumbo lililoshiba. Mtemi mwenyewe aliangua kicheko, na mtemi akishacheka hawezi tena kuzuia. Wakaifunga kengele kwa wavu wa kamba, wakaitundika kwenye mpiko, wakaondoka.

Mgunda Mkali haukuwa na huruma. Jua lilipiga, miiba ikachoma, na kengele haikutaka haraka, kwani kila aliyejikwaa alimwaga uhai wa wenzake. Bega la Lazaro lilichubuka, likatoa usaha, nzi wakakaa humo kama kwao. Midomo ilimpasuka. Mhubiri yule akaacha kuhubiri.

Alitembea nyuma, macho kwenye ile shaba. Ilipokuwa mdomo chini ilipiga kelele tu, na ndani tupu. Imepinduliwa kwa dharau, imenyamazishwa, na sasa watu wote wanaishi kwa hiyo. Aibu ikamchoma kuliko kidonda. "Bwana, ni mimi huyo," akaomba moyoni. "Debe tupu. Nipindue basi, na usinionee huruma."

Luhende alichomwa na mwiba, mguu ukavimba mpaka gotini. Akavumilia, akatania, kisha akaanguka. Lazaro alipiga magoti na kuikinga kengele kwa kifua maji yasimwagike.

Sadala akaja, akamwangalia Luhende, akatikisa kichwa. "Sheria ya njia mnaijua. Asiyesimama hapewi maji. Anaachwa."

"Sheria hiyo kaitunga nani? Fisi?" Sauti ya Lazaro ilikwaruza. Akachota fungu lake mwenyewe, akamnywesha Luhende. "Haya, gawaneni yaliyobaki. Kisha fungueni kengele, itoeni kwenye mpiko."

"Mwalimu! Uliapa!"

"Niliapa kwa kiburi. Mtemi sikumpa kwa sababu alitaka kunivunja. Leo naiacha kwa hiari yangu, na anayeona ni dhambi akanishitaki huko mbinguni, namngoja. Bwana wangu mwenyewe alisaidiwa kubeba msalaba na mpita njia. Mimi nishindwe kumbeba mtani?"

Wakafunga nguo kwenye mpiko, wakamlaza Luhende ndani, na Sadala, yule yule, akakunja bendera na kuingiza bega lake mbele.

"Taratibu, Mzigua," ikasikika sauti nyembamba kutoka kwenye nguo. "Kengele ulikuwa unaibeba kwa heshima zaidi."

"Kengele ilikuwa na adabu."

Walifika kwenye maji wakiwa hai, wote. Luhende alipona akabaki anachechemea, na hakubatizwa, ingawa hakuna aliyethubutu kumtukana Lazaro mbele yake. Wakubwa wa misheni waliwasimulia wageni kwamba kengele ilipotea njiani kwa uzembe wa wabebaji. Haikupotea. Iliachwa, na aliyeiacha hakuomba radhi mpaka anaingia kaburini.