Pete ya Brodie na Mbwa wa Miguu Mitatu

"Tam, nimepiga goti mbele ya watu wanaokula soseji. Sema neno basi!"

Tamsin alikuwa amesimama nyuma ya meza yake nje ya duka kubwa la Wirrabee, akikusanya saini za kupiga marufuku mbio za mbwa. Na aliyepiga goti mbele yake, pete mkononi, ni Brodie Hallinan, mfunzaji wa mbwa hao hao. Walikuwa wameishi pamoja miaka minne kabla hawajaachana.

"Rudi nyumbani," Brodie akabembeleza. "Achana na saini hizi. Alhamisi baraza la mji likituongezea mkataba wa uwanja wa mbio, tunafunga ndoa."

"Kwanza nijibu. Yule mbwa wako Biskuti yuko wapi?"

"Jamani, bado Biskuti tu? Si nilikwambia? Mguu ulipona, nikampa familia moja yenye shamba kule Dubbo. Analala kwenye kochi, anakula kuku. Amenenepa kama diwani!"

Watu wakacheka. Tamsin naye akacheka.

Biskuti hakuwa Dubbo. Alikuwa nyumbani kwa Tamsin, nyuma ya pazia, ana miguu mitatu. Siku alipovunjika mguu kwenye kona ya kwanza ya uwanja, Brodie alimpeleka kwa daktari wa mifugo na kumwambia, "Mchome sindano afe. Mbwa asiyekimbia ni wa nini?" Nesi wa pale, Leilani, rafiki yake Tamsin, roho ikakataa. Mguu ukakatwa, mbwa akaletwa kwa siri. Ila kisheria bado alikuwa wa Brodie. Siri ikitoka, Brodie angekuja na kamba kumchukua, na safari hii angemmaliza mwenyewe.

"Maneno hayo hayo," Tamsin akasema taratibu, "njoo uyaseme Alhamisi mbele ya baraza. Ukiyasema, navaa pete yako."

"Ni hilo tu? Mbona rahisi!"

Jumatano simu ya Tamsin ikaita mlio wa ujumbe: "Mpenzi, shati nimeshapiga pasi. Mama analia kwa furaha."

Akajibu: "Mlete. Akae mbele kabisa."

Alhamisi ukumbi ulifurika, wafunzaji upande huu, wenye mabango upande ule. Brodie akashika kipaza sauti.

"Wanasema tunawatupa mbwa wetu. Uongo! Wangu, Biskuti, yuko shambani Dubbo, miguu yote minne, anaishi kama mfalme."

Makofi yakapigwa. Tamsin akaenda mbele, akanyoosha kidole, akavishwa pete. Ahadi ni ahadi. Kisha akageukia mlangoni.

"Leilani, mlete."

Biskuti akaingia akirukaruka kwa miguu yake mitatu. Aliposikia Brodie akikohoa, akajificha nyuma ya sketi ya Leilani.

"Brodie," Tamsin akauliza, "unamjua mbwa huyu?"

Uso wa Brodie ukawa mweupe kama unga. Akimkubali, uongo wake uko uchi.

"Simjui."

"Si wako?"

"Nimesema simjui! Wangu yuko Dubbo. Huyo kilema mpeleke unakotaka!"

"Mwenyekiti, hayo yameandikwa?"

"Yameandikwa," akajibu Diwani Gwenda.

Hapo ndipo Bi Noelene, mama yake Brodie, alipoinuka kutoka kiti cha mbele.

"Brodie, huyu ni Biskuti."

"Mama, kaa chini."

"Sikai!" Mama akainama, akapindua sikio la mbwa. Kila mbwa wa mbio huchorwa herufi ndani ya sikio angali mchanga. "Herufi hizi zilipochorwa, mimi ndiye niliyemshika. Alinikojolea aproni! Nakuomba picha yake kila Jumapili, unaniambia Dubbo mtandao mbaya. Dubbo gani hiyo, mwanangu?"

Ukumbi ukalipuka. Mfunzaji mmoja mzee akavua kofia yake ya klabu, akaitupa miguuni pa Brodie.

"Umetuvua nguo sote, mshenzi wewe!"

"Haya, ni wangu!" Brodie akafoka. "Ni wangu, nimekubali! Nipe mbwa wangu!"

"Bwana Hallinan," Gwenda akasema, "umemkana mara mbili mbele ya mji mzima. Sasa unamtaka wa nini?"

Brodie akanyoosha mkono kuidaka kamba. Mama yake akachukua kamba kwa Leilani, akamkabidhi Tamsin mwenyewe. "Nenda naye, mwanangu. Atakayekuja kumdai, aanze na mimi."

Madiwani wakapiga kura. Mkataba wa uwanja haukuongezwa.

Nje, kwenye maegesho, Brodie akamfuata Tamsin, shati limeloa jasho.

"Ulipanga yote haya?"

"Yote."

"Mpaka kuvaa pete?"

"Mpaka pete." Akaivua, akamwekea kiganjani. Akampakia Biskuti kiti cha nyuma, akafunga mlango.

"Basi hukuwahi kunipenda, Tam."

"Nilikupenda, Brodie. Nisingekupenda, nisingekuuliza mara mbili ili useme kweli."