Tepe Mia Mbili na Kumi na Saba

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, msichana mmoja wa darasa la sita aliingia kwa mlango wa nyuma wa mahakama, akawaamkia walinzi wawili, akapanda ngazi hadi masjala. Masjala ni chumba cha kuhifadhia mafaili ya kesi. Mama yake alikuwa karani humo, na kwa kuwa ufunguo wa nyumbani ulikuwa mmoja tu na ulikaa katika mkoba wa mama, binti alifanya kazi zake za shule kwenye pembe ya meza hadi ofisi ilipofungwa. Makarani walimzoea kiasi cha kumpa cheo: walimwita Naibu. Cheo hicho hakikuwa na mshahara, jambo ambalo, kwa maoni ya karani wa mihuri, mzee aliyebakiza miezi minane kustaafu, halikukitofautisha sana na cheo chake yeye.

Masjala ilikuwa na makarani wawili na mafaili elfu sita. Rafu zilipojaa hadi darini, mafaili yalianza kukaa sakafuni, kisha juu ya viti, hata mgeni akija alilazimika kusimama. Kila faili lilifungwa kwa utepe. Kesi ambayo haijakwisha ilikuwa na utepe mwekundu. Iliyokwisha, utepe mweupe. Makarani walikuwa na fundo lao, dogo, la pembeni, ambalo ukivuta ncha moja linaachia, kwa sababu mkono wa pili wa karani daima umebeba faili jingine. Mama alikuwa amelifunga fundo hilo kwa miaka kumi na mitano, na viungo vya vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba.

Jumatatu moja barua ilifika kutoka Wizara ya Sheria. Kamati ya Bunge inayoikagua wizara hiyo ingekuja mahakamani Alhamisi asubuhi. Wabunge walitaka kuziona kesi zote zilizokaa zaidi ya miaka miwili bila kusikilizwa. Wangeziorodhesha, na kila kesi iliyomo katika orodha ingepangiwa hakimu ndani ya wiki chache.

Mkuu wa masjala, ambaye makarani walimwita Bwana Utaratibu akiwa hayupo, aliisoma barua hiyo mara mbili akiwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa sana kuulizwa maswali. Aliwaeleza makarani kwamba kesi isiyoguswa kwa miaka miwili haiwezi kusemwa kuwa inaendelea, na jambo lisiloendelea linaweza kuhesabiwa, kwa muda, kuwa limekwisha. Kwa hiyo kesi hizo zivalishwe tepe nyeupe, zihamie rafu za nyuma, zikae huko mpaka wageni waondoke. Aliongeza kuwa tepe nyekundu zitakazovuliwa zisitupwe, maana ni mali ya serikali. Kila utepe ubandikwe kikaratasi chenye namba ya faili lake, zote zihesabiwe, zitiwe katika katoni, na katoni itiwe saini.

Karani wa mihuri aliuliza kama agizo hilo lilikuwa limeandikwa mahali popote. Bwana Utaratibu akajibu kwamba maagizo ya aina hiyo hayaandikwi.

"Basi mimi mgongo unaniuma," mzee akasema, akarudi kwenye mihuri yake.

Kazi ikabaki kwa mama. Jumanne nzima aliyatafuta mafaili hayo, akipanda na kushuka ngazi ya mbao iliyopungukiwa vidato viwili. Jumatano alianza kuvua tepe nyekundu na kubandika vikaratasi. Naibu alipotoka shule alimkuta ameketi, akivitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine aliyemwazima.

Hakuombwa msaada. Aliweka mkoba chini, akachukua tepe nyeupe, akaanza kufunga. Fundo la masjala hakulijua, hivyo alifunga kama alivyofunga kamba za viatu vyake vya shule, kwa masikio mawili yaliyokaa mbele. Mama aliona. Alifungua kinywa amsahihishe, kisha akakifumba, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na nguvu za kumfundisha mtu chochote. Naibu alihesabu kila faili alilolimaliza, kwa sababu hesabu humpa mtu kitu cha kushika wakati kazi haina mwisho.

Alipokuwa amekaribia mia mbili, mikono yake ilisita. Juu ya jalada, kwa mwandiko wa mama mwenyewe, palikuwa na jina la kijana wa nyumba ya pili katika ua wao. Uani hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Walimwita Redio, kwa sababu alitengeneza redio mbovu za mtaa mzima, na nyingine alizirudisha zikisema kwa sauti kubwa kuliko zilivyonunuliwa. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu yuko mahabusu, akituhumiwa kununua redio ya wizi. Kila kesi yake ilipotajwa iliahirishwa kwa kuwa shahidi hakufika.

"Mama, hili ni la Kaka Redio," Naibu akasema. "Halijakwisha."

Mama hakuinua uso. "Funga, mwanangu. Wageni wakiondoka tutalirudishia utepe wake."

"Na orodha je?"

"Nimekwambia funga."

Naibu akafunga. Masikio ya fundo yalitoka sawasawa, kushinda yote aliyoyafunga siku hiyo, na yeye hakufurahi hata kidogo.

Jioni walimkuta Mama Ndoo mlangoni pao. Huyo ndiye aliyemzaa Redio, na jina lake lilitokana na kazi yake, kwani aliwachotea watu maji. Habari ya wabunge ilikuwa imeshafika uani, kama habari zote za ofisini zinavyofika huko kabla ya kufika gazetini. Aliuliza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kujibiwa vibaya.

"Dada, nasikia wanaandika kesi za zamani. Mwanangu naye atakuwamo?"

"Atakuwamo," mama akasema. Akautia ufunguo kitasani, ukakataa mara mbili kabla ya kukubali.

Asubuhi walikuta ndoo mbili za maji kizingitini, zimefunikwa vizuri. Hawakuwa wameziagiza. Mama alizitazama muda mrefu kuliko ndoo zinavyostahili kutazamwa, kisha akaenda kazini bila kunywa chai.

Alhamisi wabunge walitarajiwa saa tatu asubuhi. Bwana Utaratibu alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa uwezekano wa wao kuchelewa, ingawa katika mambo yote ya siku hiyo, hilo ndilo pekee ambalo mtu yeyote angeweza kulitabiri. Walifika saa kumi kasoro robo. Naibu alikuwa ameshaketi kwenye pembe ya meza na hesabu zake za sehemu, na katika ile pilikapilika hakuna aliyekumbuka kumwondoa.

Walikuwa watano. Wanne walitazama saa zao. Wa tano, mwenyekiti, mama wa makamo aliyefunga mguu wa miwani yake kwa uzi, aliomba kiti, nacho kikapatikana baada ya mafaili kuondolewa juu yake. Aliuliza kesi zilizozidi miaka miwili ni ngapi. Bwana Utaratibu akasema ni tisa. Mwenyekiti akatoa pongezi, kwa sauti ambayo haikuwa na pongezi ndani yake, akaeleza kwamba mahakama waliyotoka asubuhi ilikuwa na makarani wanane na kesi za namna hiyo mia tatu. Kisha akaomba kuonyeshwa rafu za nyuma.

Kabla ya kuingia siasa mwenyekiti huyo alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini. Hakuyafungua mafaili. Alipitisha kidole juu ya mafundo tu, akitembea polepole kama anayekagua pindo la nguo. Mafaili ya mbele yalikuwa na tepe zilizofifia na mafundo ya pembeni. Ya nyuma yalikuwa na tepe mpya kabisa juu ya majalada yenye vumbi, na kila moja lilifungwa mbele, kwa masikio mawili.

Aliuliza ni nani aliyeyafunga. Bwana Utaratibu akasema huo ni utaratibu mpya. Mwenyekiti akavua utepe wa faili moja, akampa mama.

"Hebu lifunge, binti yangu."

Vidole vya mama vilifanya kazi yao ya miaka kumi na mitano bila kumuuliza mwenyewe. Fundo likakaa pembeni, dogo, kama yale ya mbele. Chumba kizima kikaliona.

Naibu alielewa vizuri kilichokuwa kikipimwa pale. Akisema, huenda mama akafukuzwa kazi. Akinyamaza, Kaka Redio angebaki kule aliko, na ndoo zile mbili zingeendelea kukaa mlangoni pao. Alimtazama mama. Mama hakutikisa kichwa kukataa wala kukubali. Alikuwa amechoka, na alikuwa amemwachia uamuzi.

Akasimama. "Nimeyafunga mimi, Mheshimiwa. Jana."

Bwana Utaratibu akaeleza upesi kwamba watoto ni watoto, hucheza na chochote wanachokikuta.

"Ulicheza na mafaili mangapi?" mwenyekiti akamuuliza Naibu.

"Mia mbili na kumi na saba. Nilihesabu."

"Na yana nini ndani?"

"Sijui, Mheshimiwa. Ninalijua moja tu. Ni la jirani yetu, na kesi yake haijasikilizwa. Yuko mahabusu tangu mimi niko darasa la tatu."

Hapo mama akainama, akavuta katoni kutoka chini ya meza. Juu yake, kwa mwandiko safi wa Bwana Utaratibu, palikuwa pameandikwa: Mali ya Serikali, tepe nyekundu, 217. Saini yake ilikuwa chini.

"Kila utepe una namba ya faili lake," mama akasema. "Mtoto hana kosa, nimemfungisha mimi. Niliagizwa, lakini ningeweza kukataa. Mwenzangu alikataa."

Karani wa mihuri akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye hakukataa, mgongo ndio uliokataa. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akarudi kwenye kiti chake, akaifungua katoni, akaanza kuandika namba, utepe mmoja baada ya mwingine. Wale wabunge wanne wakaacha kutazama saa.

Kesi ya Redio ilisikilizwa baada ya wiki tano. Ilichukua dakika kumi na moja. Ilibainika kwamba shahidi hakuwahi kufika kwa sababu hati ya kumwita haikuwahi kuandikwa, na alipoitwa hatimaye, alieleza kuwa redio ile ilikuwa yake, na aliiuza yeye mwenyewe, kwa hiari yake. Kijana akarudi uani na mfuko mmoja wa plastiki, amekonda, akauliza ni nani aliyekuwa akitumia bisibisi yake. Mama Ndoo aligeuza ndoo kifudifudi, akaikalia. Hakuna aliyewahi kumwona akiketi saa ile ya mchana.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Katika zile kesi mia mbili na kumi na saba, zaidi ya nusu zilisikilizwa. Zilizobaki zilipewa tarehe, na baadhi ya tarehe hizo zikaahirishwa. Kamati iliandika ripoti. Wizara ilijibu kwamba imeipokea. Bwana Utaratibu alihamishiwa masjala nyingine kwa cheo kilekile. Mama hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo, ambayo, kwa kuwa yeye ndiye karani, ilimbidi aitie mwenyewe katika faili lake mwenyewe. Karani wa tatu aliahidiwa, na hadi leo anaahidiwa.

Alasiri ya siku barua ya onyo ilipofika, Naibu alimuuliza mama kama amemkasirikia. Mama alisugua vidole.

"Nilijiambia nimechoka," akasema, "na ni kweli nilikuwa nimechoka. Lakini Mama Ndoo aliponiuliza pale mlangoni, aliyemjibu uongo ni mimi. Siwezi kuusingizia uchovu. Wewe nawe utachoka, mwanangu, tena sana, na hakuna atakayekulaumu. Siku hiyo sema umechoka. Iache kazi pale ilipofikia, kila mtu aione kwamba haijakwisha. Usiipambe ikaonekana imekwisha, kwa maana kuna mtu anaingoja."

Kisha akamsogezea faili na utepe mwekundu, akamwonyesha fundo la masjala. Mara tatu lilikaa mbele. Mara ya nne likakaa pembeni. Naibu akavuta ncha moja kwa mkono mmoja, nalo likaachia.

"Haya, lifunge tena," mama akasema. "Yamebaki elfu tano na ushei."