Siti za Benzi la Dimoso

Haya yalimkuta rafiki yangu Tomasi, fundi siti wa mjini Morogoro, miaka ile viwanda vya umma vinauzwa. Bwana Dimoso wa Kinole, kijiji cha milimani, alikuwa amenunua Benzi kuukuu la kiwanda kwenye mnada, akamwita Tomasi huko azifanye upya siti zake za ngozi zilizochakaa. Tomasi akazisugua kwa sabuni, akaziba nyufa, akapaka rangi na mafuta.

"Siku tatu asikalie mtu," akaonya.

Siku ya pili Juliana, mke wa jirani, alishikwa na uchungu. Mumewe akapiga magoti kuomba gari.

"Fundi amekataza," Dimoso akamjibu, akalifunga banda kwa kufuli.

Juliana alifia njiani kwenye machela, mtoto angali tumboni.

Siku ya tatu Tomasi alirudi kukagua kazi yake. Ndani ya banda kulikuwa na giza, na siti ya nyuma ilikuwa ikilia taratibu, kama kuna mtu anajigeuza juu yake. Ilikuwa imebonyea, imelowa.

"Paka tena," Dimoso alifoka mlangoni. "Hata wiki nitangoja."

Tomasi akaweka kiganja. Ngozi ilikuwa na joto. Ikamsukuma kutoka ndani, ikatulia, ikamsukuma tena.

Tomasi ana watoto wanne. Aliujua msukumo ule.