Walioitika Darasani

Shangazi yangu Gertruda alinisimulia habari hii mchana kweupe, tukimenya mihogo uani kwake Kitai, na hakuirudia tena. Ninaiandika kama alivyoisema. Kipande cha mwisho ni changu mwenyewe.

Mwaka 1994 alikuwa kidato cha tatu, katika shule moja ya bweni huku juu Mbinga. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupita vijijini na mizani yao, ushirika ukawa unayumba, na kila mtu alizungumzia mambo mapya tu. Mwalimu wa historia, Mwalimu Tadei, jambo hilo lilimkera. Akaagiza kila mwanafunzi achague mada ya nyumbani kwao, ahoji wazee likizo ya Juni, aandike kwa Kiswahili ili wazee hao waweze kusomewa, kisha aje asome mbele ya darasa.

Watoto wa milimani hawakupata shida. Hamphrey wa Maguu alichukua kilimo cha ngoro, yale mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko. Benadetha wa Matiri alichukua kahawa. Shangazi, ambaye peke yake alitoka ziwani na ambaye walimwita Dagaa, alisema uvuvi.

"Dagaa anatuandikia dagaa!" mtu akapiga kelele nyuma, na darasa zima likacheka.

Uso ulimwaka. Akasema neno ambalo hakuwa amelipanga.

"Basi nitaandika mwavi."

Kicheko kikakatika. Mwavi ni ile dawa waliyonyweshwa zamani watu waliotuhumiwa uchawi. Aliyetapika aliachwa. Asiyetapika alikufa, na kufa kwake kukawa ndio ushahidi. Kila mmoja darasani alikuwa amewahi kusikia neno hilo nyumbani, likisemwa kwa sauti ya chini.

"Hiyo ndiyo mada," alisema Mwalimu Tadei, na kuliandika jina lake.

Kijijini kwetu, kando ya ziwa kati ya Lituhi na Liuli, mtu aliyeweza kuulizwa alikuwa mmoja tu: Bibi Lidia, mjane aliyeishi peke yake karibu na ufuko. Shangazi alimkuta anaanika dagaa kwenye kichanja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wa kwa Othmar, siyo?"

Othmar alikuwa babu yake shangazi, mzee wa kanisa letu la Anglikana, mtu wa kukaa benchi la mbele. Alipolisikia neno mwavi, Bibi Lidia aliendelea kugeuza dagaa wake mpaka wakaisha. Kisha akakaa chini.

Ilikuwa mwaka wa nzige, alisema. Jumbe wa kijiji alifiwa na kijana wake. Akaita watu watatu waliokuwa na mashamba mazuri ya mihogo pale ufukoni: Nathanieli, Meshack, na mwanamke mmoja, Asteria. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imeshapiga marufuku mwavi, kwa hiyo ilifanyika haraka, asubuhi, watu wakiwa wamesimama wanaangalia. Hakuna aliyetapika. Miili haikuzikwa. Ilifungiwa mawe, ikapakiwa mtumbwini, ikaachiwa katikati ya ziwa.

"Asteria alikuwa mama yangu," alisema Bibi Lidia. "Nilikuwa na miaka saba. Na jumbe yule alikuwa baba yake Othmar. Nyumba yenu mmeijenga kwenye shamba la mama."

Shangazi alishindwa kuinua macho.

"Sikulaumu wewe. Andika. Ila andika walivyokuwa. Hawakuwa wachawi. Niahidi."

"Naahidi, Bibi."

Aliahidi akiwa na nia. Lakini alipokaa kuandika, aliziona sura za Hamphrey na Benadetha na wengine wote. Aliwaza wakimwita mtoto wa wauaji, badala ya Dagaa. Akamwaza babu yake kwenye benchi la mbele. Akaandika kwamba jumbe mmoja, jina halikumbukwi, aliokoa kijiji kutoka kwa wachawi watatu, na kwamba wachawi hao walikiri kabla ya kufa. Wala hakuna aliyemtuma kuandika hivyo. Hilo la kutotumwa aliniambia mara mbili pale uani, kisu kikiwa kimesimama kwenye muhogo.

Alisoma Jumanne ya pili ya Julai, saa nne asubuhi. Baridi ya kipupwe ilikuwa kali lakini jua lilikuwa linawaka, na madirisha yote yalikuwa wazi. Dawati la mwisho kabisa halikuwa na mtu.

Alisoma vizuri. Darasa lilikuwa kimya, na alianza kuona raha.

"Mchawi wa kwanza aliitwa Nathanieli."

"Nipo," mtu akaitika nyuma.

Wachache wakacheka. Mwalimu Tadei akainua kichwa. "Nani huyo? Acheni utani. Endelea, Gertruda."

"Wa pili aliitwa Meshack."

"Nipo."

Safari hii hakucheka mtu. Sauti ilikuwa ya mwanaume mzima, nzito, kama ya mtu mwenye maji kooni. Waliokaa safu ya nyuma waligeuka. Kisha wakaanza kusogea mbele na viti vyao, polepole, bila kusema kitu.

Dawati la mwisho lilikuwa tupu. Lilikuwa linadondosha maji.

Shangazi alitaka kunyamaza. Mdomo ulikataa. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisoma jina la tatu.

"Asteria."

Maji yakadondoka. Tone. Tone.

"Nipo, kitukuu wa jumbe."

Sauti haikutoka nyuma. Ilitoka karibu. Harufu ya ziwa ikajaa darasani, harufu ya tope na majani yaliyooza, huku juu ambako ziwa halionekani.

"Gertruda," Mwalimu Tadei alinong'ona. "Funga daftari."

Hakulifunga. Alisema kitu kimoja tu ambacho angeweza kusema. Alisema amedanganya. Hawakuwa wachawi. Walikuwa na mashamba. Jumbe yule alikuwa baba wa babu yake, jina lake lilikuwa Raimundi, na wao wanaishi juu ya shamba la marehemu. Alisema huku analia, kamasi zinamtoka, mbele ya watoto wote aliotaka wamheshimu.

Alipomaliza, maji yaliacha kudondoka.

Walipopata nguvu ya kuangalia, sakafu ya saruji ilikuwa na nyayo mbichi za miguu mitupu, za watu watatu. Zilianzia dawati la mwisho, zikapita katikati ya madawati, zikafika pale alipokuwa amesimama. Hakuna hata unyayo mmoja uliorudi.

Mwalimu Tadei alimpa ruhusa aende nyumbani. Shangazi alimkuta Bibi Lidia palepale ufukoni, akapiga magoti kumwomba radhi.

"Nyanyuka," alisema bibi. "Walinipitia Jumapili. Waliniuliza shule iko wapi. Nikawaonyesha njia ya mlimani."

Babu Othmar aliposikia yaliyosemwa darasani, hakumgombeza mtu. Aliacha kukaa benchi la mbele. Mpaka anakufa alikaa mlangoni, karibu na wanaokuja wamechelewa.

Hapo ndipo shangazi alipoishia, akabeba beseni la mihogo kwenda jikoni.

Baada ya hapo, mwaka 2001, nilipelekwa mimi shule ileile. Wiki ya kwanza, mapumziko ya saa nne, wasichana wa kidato cha nne walikuwa wanawasimulia wageni habari za "yule binti wa wauaji" aliyeita wafu darasani. Waliieleza vibaya. Walisema ukoo wake wote ulikuwa wa wachawi. Mmoja wao, Ottilia, akanigeukia.

"Wewe si unatoka kulekule? Unamfahamu?"

Walikuwa wananitazama wote. Nilikuwa mgeni, sina rafiki hata mmoja.

"Hapana," nikasema. "Hatuna undugu. Na hao waliokufa, nasikia kweli walikuwa wachawi."

Kengele ikalia, tukasimama. Ottilia akaangalia nyuma yangu, akaziba mdomo. Sketi yangu ilikuwa imelowa chapachapa mpaka chini. Wasichana wakaangua kicheko, wakidhani nimejikojolea, nami nikawaacha wadhani hivyo. Nilikimbilia bwenini, nikaivua na kuikamua dirishani.

Maji yalikuwa ya baridi. Yalinuka tope. Na kwenye kitambaa cha buluu, sehemu ya mapajani, palikuwa na alama mbili za viganja vya mwanamke, vidole vimetanuka, kama za mtu aliyenikalisha chini kwa nguvu ili nisikilize.