Mkanda Uliosemwa Upo

Baba akiwa likizo, Jumamosi asubuhi hapakunywewa chai nyumbani kwao mpaka mkoba wake wa matibabu ukaguliwe. Hata mtoto mdogo, aliyekuwa na tumbo lisilojua subira, alikaa kimya akilitazama birika.

Baba alikuwa tabibu wa jeshi, sajini aliyetimiza miaka kumi na tisa kazini. Mtaani walimwita Dokta, naye hakuchoka kuwasahihisha. "Mimi si daktari," alisema. "Daktari humsubiri mgonjwa hospitalini. Mimi humfuata palepale alipoangukia." Sehemu kubwa ya mwaka alikuwa kambini, na wiki chache alizopata nyumbani hakuziacha zipite bure. Alipiga pasi sare za shule za wanawe, akawapima urefu kwa kalamu kwenye fremu ya mlango, akamsugulia mama masufuria huku akiimba nyimbo za gwaride.

"Kwa sauti hiyo, maadui hukimbia wenyewe," mama alisema, na baba akazidisha.

Binti yake mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, baba alikuwa amempa cheo cha koplo, na jina hilo likamganda. Kazi ya Koplo ilikuwa kukagua mkoba. Baba alisoma orodha, Koplo akatafuta kitu, akakigusa, kisha akajibu. Sheria ilikuwa moja tu: usiseme kipo mpaka mkono wako umekigusa.

"Bandeji pana, nne?"

"Zipo!"

"Glovu?"

"Zipo!"

"Mkasi?"

"Upo!"

"Mkanda wa kubana damu?"

Koplo alijua mkanda haupo. Alhamisi, rafiki yake aliyeitwa Chiriku kwa kupenda kuongea, alikatikiwa na kamba ya keria ya baiskeli, na vitabu vyao vikamwagika barabarani mbele ya nyumba. Koplo akakumbuka ule mkanda mweusi wenye kijiti cha kukazia. Aliingia ndani akauchukua, akafunga nao vitabu, akasema moyoni, "Kesho nitaurudisha." Kesho ikafika na kupita. Sasa baba alikuwa ameinua macho kutoka kwenye karatasi, na birika lilikuwa linapoa.

"Upo!" alijibu, mkono wake ukiwa umegusa pamba.

Baba akatia alama. "Picha?"

"Ipo!" Hiyo ilikuwa kweli. Picha yao wote wanne, yeye, mama, mdogo wake na baba, ilikaa kwenye mfuko wa ndani, na ndiyo iliyofunga orodha siku zote.

Walikunywa chai. Koplo akajipa moyo. Baba angeondoka Jumatatu, na Jumamosi bado ilikuwa mbichi. Angeufuata mkanda mchana na kuurudisha bila mtu kujua.

Saa nne na ushei, kelele zilisikika upande wa karakana. Mke wa fundi mageti alikuwa anapiga yowe, "Dokta! Dokta! Amekatika mguu!"

Baba hakuuliza swali. Alinyakua mkoba na kupita kwenye kichochoro, Koplo na mama nyuma yake. Fundi alikuwa amekaa chini, ameegemea geti alilokuwa analitengeneza. Jiwe la kukatia chuma lilikuwa limepasuka na kipande chake kikampasua paja. Damu ilitoka kwa kuruka.

Baba alipiga magoti na kukandamiza jeraha kwa mikono miwili. "Nitazame mimi, jirani, usitazame mguu. Geti la nani hili?"

"La... la shule," fundi alijibu akitweta.

"Basi huwezi kufa, shule haina geti. Koplo, mkanda!"

Koplo alipekua mkoba, akijua hataupata.

"Mkanda, Koplo!"

"Hauonekani, baba."

Baba aliutupia mkoba jicho moja tu. "Mama watoto, mtandio wako! Na mwiko, mbio!" Mke wa fundi ndiye aliyeleta mwiko. Baba aliukunja mtandio, akauzungusha juu ya jeraha, akaupitisha mwiko kwenye fundo na kuuzungusha mpaka fundi akapiga kelele. Damu ikapungua, kisha ikasimama.

"Koplo, saa ngapi?"

"Saa nne na dakika ishirini."

"Chukua kalamu, mwandikie mkononi. Huko hospitali lazima wajue nimefunga lini, wasije wakauchelewesha mguu ukafa." Koplo aliandika. Gari lilipatikana, na baba, akiwa bado ameushika mwiko, akaondoka na fundi.

Alirudi saa saba mchana. Fundi alikuwa ameshonwa na mguu ulikuwa salama. Watu walimpongeza njia nzima, lakini yeye hakukaa hata kunywa maji.

"Koplo, asubuhi ule mkanda ulikuwepo?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. "Ulikuwepo, baba," alijibu.

"Basi niliudondosha nilipokuwa nakimbia."

Akaenda kuutafuta. Koplo alimwona kutoka dirishani, sajini mzima, anatambaa kichochoroni kwa magoti, anapangua majani, anainua mawe, anaingiza mkono kwenye mfereji wa maji machafu. Alifika karakana, akarudi, akaanza upya. Wapita njia walimuuliza amepoteza nini, naye akawajibu kwa upole. Alipopumzika, alitoa daftari lake dogo la kazi na kuandika, kisha akaliacha kwenye ngazi na kuinama tena. Koplo alitoka akasoma: *Mkanda umepotea njiani. Uzembe wangu. Nitatoa taarifa kambini.*

Miaka kumi na tisa, na baba hakuwahi kuandika neno uzembe mbele ya jina lake. Koplo alihisi aibu mpaka masikioni. Hakuaga mtu. Alikimbia mpaka kwa Chiriku, mitaa minne, jua likiwa la utosi.

"Mbona umetoka jasho hivyo? Unakimbizwa? Nani kafa?" Chiriku alianza.

"Nipe mkanda wangu."

"Ngoja basi nitafute kamba, maana vitabu—"

"Sasa hivi, Chiriku!"

Chiriku alinyamaza, jambo lisilo la kawaida, akaufungua mkanda kwenye keria.

Njiani kurudi Koplo alitembea polepole, mkanda ukiwa ndani ya kiganja. Alipofika mwanzo wa kichochoro, baba alikuwa upande wa pili, amempa mgongo. Majani yalikuwa pale pale, marefu. Kuuangusha ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Baba angeuona, angefurahi, angefuta maneno yake daftarini, na wali ungeliwa kwa amani. Koplo alilegeza vidole viwili. Halafu akauona mgongo wa shati la baba ulivyolowa, akaukaza mkono tena.

Alimwendea mpaka mbele yake. "Baba, acha kutafuta. Mkanda huu hapa. Niliuchukua Alhamisi kufungia vitabu. Asubuhi sikuugusa. Nilisema upo, na haukuwepo."

Baba aliupokea. Aliketi kwenye ngazi, akayapangusa magoti yake.

"Nimetambaa hapa mara tatu," alisema.

"Nilikuona, baba. Nisamehe."

"Kwa nini hukuutupa tu majanini? Nisingejua."

"Nilitaka." Machozi yakamtoka. "Lakini ungefurahi, halafu ungeendelea kuniamini, na mimi ningejua si kweli."

Baba alimvuta akamketisha karibu yake. "Nimekasirika, sitakuficha, na utanioshea huu mfereji ulionichafua. Sasa nisikilize. Mkoba ukipungukiwa na kitu na mimi najua, nitatafuta mwiko, nitatafuta mtandio, nitamudu. Ukipungua nisijue, naenda kwa mtu anayekufa nikiwa nimebeba ahadi ya uongo. Leo karibu fundi atulipie deni letu kwa damu yake. Neno 'haupo' linauma mara moja tu, mwanangu, lakini huokoa mtu."

Kisha akachukua daftari. Hakukata neno uzembe. Chini yake aliongeza: *Mkanda umepatikana. Mkoba ni wangu, nami mwenyewe sikuugusa mkanda.* "Anayebeba ndiye anayejibu," alimwambia Koplo alipomtazama kwa mshangao. "Na wewe utakwenda kumweleza fundi mwenyewe."

Jumapili Koplo alikwenda. Fundi alimsikiliza akiwa amelala, akakuna kidevu, akasema, "Basi usikose kuurudisha ule mwiko. Mke wangu ananidai kuliko hospitali." Kicheko chake kilimfanya Koplo alie upya.

Jumatatu alfajiri, lori la jeshi lilikuwa linanguruma barabarani. Baba alifungua orodha, safari hii akiwa amechuchumaa kando ya mkoba pamoja na binti yake, na kila kitu kikaguswa na mikono miwili.

"Mkanda wa kubana damu?"

"Upo!"

"Mkasi?"

Koplo alitafuta juu. Akatafuta chini, akatafuta mfuko wa pembeni. Dereva alipiga honi. Mama akasema gari litamwacha mtu. Koplo aliinua uso, akamtazama baba machoni.

"Haupo, baba. Mkasi haupo."

Baba alitabasamu mpaka gego likaonekana, akautoa mkasi kwenye mfuko wa suruali alikokuwa ameuficha, na kumwekea kiganjani.

"Sasa naweza kwenda kazini," alisema. "Picha?"

Koplo aliingiza mkono mfuko wa ndani, akaigusa kona kwa kona.

"Ipo!"