Beseni Kabla ya Keki

Kila Jumamosi asubuhi, Chapuchapu alifagia ua, akaosha vyombo, kisha akausukuma mkokoteni mdogo hadi kwa shangazi yake, mwokaji, kuchukua mikate ya nyumbani. Jina hilo la utani hakupewa bure. Hata chai aliimalizia mlangoni, kiatu kimoja kikiwa bado mkononi.

Jumamosi hii bibi yake alikuwa akihitimu darasa la watu wazima. Juu ya keki ya sherehe, Bibi alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa krimu nyekundu: NAJUA KUSOMA. Herufi zilipinda kidogo, lakini zilikuwa zake.

"Shangazi, nitaipeleka mimi!"

"Wewe? Mkokoteni wako ukipita, hata kuku hukimbia!" Shangazi alicheka, akapakia beseni lililojaa maji. "Nenda hadi lango la shule, urudi. Likirudi limejaa, keki ni yako kupeleka."

Chapuchapu akasukuma kwa nguvu. Papo hapo maji yakaruka nyuma, yakamlowesha gauni. Langoni akasimama ghafla. Maji yakamwagika mbele. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akimfuata, alishika mbavu kwa kicheko.

"Dada, leo gauni nalo limeoga!"

Beseni likabaki nusu. Nyuma ya duka la mikate palikuwa na bomba. Chapuchapu akatazama huku na huku, akalijaza tena, akaingia akitabasamu.

"Hongera," alisema Shangazi. "Na gauni je?"

"Jasho, Shangazi."

Shangazi alilitazama pindo la gauni. Aliileta keki, akaanza kuipakia. Chapuchapu aliziona zile herufi nyekundu, akakumbuka jinsi maji yalivyoruka.

"Subiri, Shangazi! Nimedanganya. Maji yalimwagika, nikajaza bombani."

"Nilijua. Jasho gani linachuruzika hadi kwenye pindo?" Shangazi alimshika bega. "Sikiliza. Kitu kilichotulia huendelea kutulia mpaka kisukumwe au kivutwe. Uliposukuma kwa ghafla, beseni lilikwenda, maji yakabaki nyuma. Na kitu kilicho mwendoni huendelea na mwendo wake. Uliposimama, maji yalikuwa bado safarini."

"Kwa hiyo nianze polepole, na nipunguze mwendo mapema?"

"Naam. Rudia."

Safari ya pili, yalimwagika matone mawili tu. Ndipo Shangazi akatandika kitambaa chenye unyevu chini ya sinia la keki. "Msuguano wa kitambaa hiki utalizuia lisiteleze."

Walikuwa wamekaribia ukumbi wa sherehe wakati mpira wa watoto ulipobingirika mbele yao. Mdogo wake akapiga kelele. Chapuchapu, kwa kuwa alikwenda taratibu, aliuvuta mkokoteni kidogo kidogo hadi ukatulia. Keki haikusogea hata kidogo.

Ukumbini, Bibi alipitisha kidole juu ya herufi, akasoma kwa sauti: "Na-jua ku-so-ma!" Watu wakashangilia. Mdogo wake Chapuchapu naye akamsimulia Bibi kila kitu, hata habari ya jasho.

Bibi alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akamkumbatia Chapuchapu. "Maneno haya yamenichukua miaka miwili, mama. Yamefika salama kwa sababu ulisema kweli kabla ya kusukuma. Ungeweza kumdanganya Shangazi kwa maji ya bomba. Mkokoteni usingedanganyika."

Akamkabidhi kisu.

"Haya, kata keki. Na sasa, fanya chapuchapu!"