Shikamoo ya Kituoni

Kufikia saa kumi na mbili jioni, Everlyn alikuwa amekasirika kiasi cha kutaka kulia. Mwezi mzima analinda mlango wa hoteli mtaa wa Al Rigga, huku kwa Waarabu, apate siku moja tu ya mapumziko, na hiyo moja ndiyo imeishia hivi! Basi la kwenda mji wa Hatta lilimwacha asubuhi, akangoja la pili jua likimchoma utosi. Kutoka Hatta akapanda jingine hadi kijiji hiki kilichobanwa na milima, nyumba ishirini na mbuzi. Kisa ni mdogo wake, Daisy, mfanyakazi wa ndani huku. Wiki tano hashiki simu.

Madam, mwajiri wa Daisy, alichungulia langoni mara moja tu. "Daisy mafi, hakuna. Yalla, ruh! Nenda!" Akafunga. Everlyn akagonga mpaka mkono ukamuuma, asifunguliwe.

Sasa alikuwa kituoni, akingoja basi la mwisho. Adhana ya magharibi ilikwisha. Milima ikawa myeusi. Pakaanza kunuka ubani... ubani na nywele zilizoungua.

Kumbe hakuwa peke yake.

Ajuza mmoja alikuwa ameketi kwenye ncha ya pili ya benchi, buibui limemfunika hadi vidoleni. Everlyn angeapa kwamba alipofika hapakuwa na mtu.

"Shikamoo," ajuza akanong'ona.

Kiswahili! Tena kile cha Unguja, huku milimani! Mwingine angejiuliza, tangu lini bibi kizee akamwamkia msichana? Lakini kwao Kitale shikamoo ilikuwa mambo ya darasa la pili, ukiisikia, jibu. Naye alikuwa amechoka kufikiri.

"Marahaba."

Ajuza akacheka kidogo, akasimama. Magoti yakalia ko... ko... ko...

Taa za basi zikatokea konani. Everlyn akataka kuinuka.

Miguu ikakataa.

Haikuuma wala haikufa ganzi. Ilikuwa imeshikwa. Vidole vya baridi, asivyoviona, vilizunguka vifundo vyake vyote viwili.

"Bibi, nisaidie! Ni nini hii?"

"Umeniitikia, mwanangu. Hata mimi niliamkiwa hapa hapa na mkubwa wangu, nikaitikia." Alikuwa tayari mlangoni mwa basi. "Usilie. Ngoja apite mdogo wako, umwamkie. Akiitikia tu, utainuka."

Basi likaondoka naye. Everlyn akalaani, akavuta miguu kwa mikono miwili. Wapi! Alijiambia kwamba mdogo wako ni mtu yeyote aliye mdogo kwake kiumri. Mpita njia tu.

Kisha akasikia kandambili zikishuka barabarani mbio.

"Eve! Ni wewe kweli?" Alikuwa Daisy, amekonda, anahema. "Madam alinifungia, simu akachukua. Nilikusikia ukigonga. Sasa anaswali, nimetokea dirishani. Si uamke twende!"

Siku nzima Everlyn alimtafuta. Sasa alimwomba Mungu amwondoe mbele ya macho yake. Akafungua mdomo amwambie, kimbia.

"Shikamoo," ulimi wake ukasema.

Daisy akacheka huku machozi yakimtoka. "Wewe naye! Saa hii ni ya mchezo?"

Everlyn akamvuta, akamziba mdomo kwa kiganja, akambana kifuani kwa nguvu zake zote. Akatikisa kichwa: usijibu, usijibu. Lakini chini ya kiganja midomo ya Daisy ilikuwa ikicheza, joto la pumzi yake likipita kati ya vidole.

Hakusikia alichosema.

Ila kwenye mguu wa kushoto, vile vidole vya baridi vikaanza kulegea, kimoja kimoja.